Igizo likiisha ndipo kazi inaanza: Fahamu maisha na kazi ya Profesa Penina Mlama

Mwezi uliopita, baada ya kipindi chetu cha asubuhi kuhusu wasichana wanaoacha shule, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe wa sauti. Ni mkulima wa pamba na baba wa watoto wanne. Alisema mwaka jana gari lilifika kijijini kwao na spika kubwa na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Wakacheza igizo kuhusu mimba za wanafunzi. Watu walijaa uwanjani na wakacheka mpaka wakafuta machozi, hasa pale mzee wa kwenye igizo alipokurupuka kukimbia akaacha kiatu kimoja. Jioni gari likaondoka.

"Mwaka huu," alisema, "wasichana wawili wa majirani zangu hawakurudi shule, na sababu ni ile ile. Sasa nauliza, hayo maigizo yanatusaidia nini?"

Tuliuweka ujumbe ule hewani, na simu zikaanza kumiminika. Wapo waliosema maigizo ni burudani tu, tusiyadai zaidi ya hapo. Wengine wakasema ni njia ya watu kula fedha za wafadhili. Mama mmoja akatushangaza aliposema kwamba kwao igizo liliwahi kusaidia, lakini lilichezwa na wao wenyewe, si na wageni.

Maneno ya mama yule yalitukumbusha kwamba kuna Mtanzania aliyelishughulikia swali hili kwa miaka mingi, kwa kusoma, kwa kufundisha na kwa kwenda vijijini kulijaribu. Ni Profesa Penina Mlama. Na sehemu moja ya kazi yake iliyojulikana sana ilifanyika hukuhuku Kanda ya Ziwa, katika kijiji cha Malya. Leo tunaeleza yeye ni nani, alifanya nini, na kazi yake inamjibu vipi yule baba mkulima wa pamba.

Ni nani Profesa Mlama?

Penina Mlama alizaliwa mwaka 1948 Berega, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru. Kama ulisoma sekondari, huenda ulikutana na jina lake bila kujua. Vitabu vyake vya mwanzo vina jina la Penina Muhando kwenye jalada. Baadaye utaona Penina Mlama. Ni mtu yule yule.

Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabaki hapo kufundisha sanaa za maonyesho, na baadaye akawa profesa na mkuu wa idara. Aliingia katika kazi hii wakati nchi ikiwa bado na joto la Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kila mahali watu walikuwa wakiulizana: elimu yetu ni ya nani? Sanaa yetu ni ya nani? Tamthilia zilizochezwa katika shule kubwa enzi za mkoloni zilikuwa za Kiingereza, na watazamaji wake walikuwa wachache. Mwananchi wa kawaida hakuwa na habari nazo.

Mlama alichagua kuandika kwa Kiswahili. Mwaka 1972 ilitoka tamthilia yake Hatia. Ikafuata Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, na Pambo mwaka 1975. Mwaka 1976, pamoja na Ndyanao Balisidya, alitoa kitabu cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, ambacho kiliwasaidia walimu na wanafunzi kuzungumza kuhusu sanaa hizi kwa lugha yao wenyewe.

Kati ya tamthilia zake, Nguzo Mama ya mwaka 1982 ndiyo wengi wanayoikumbuka. Wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kusimamisha nguzo kubwa. Kila mmoja ana shida zake nyumbani, kila mmoja anavutwa upande wake, na nguzo haisimami. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Mwaka 1984 ikaja Lina Ubani, ambayo jina lake ni jibu kwa methali tunayoijua wote, isemayo la kuvunda halina ubani. Wakati huo nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na maisha yalikuwa magumu. Kusema kwamba ubani upo lilikuwa jambo zito.

Lakini kitabu kina mipaka yake. Kinamfikia aliyesoma, na jukwaa la mjini linamfikia mwenye nauli na kiingilio. Watu waliokuwa wakiandikwa ndani ya tamthilia zile, yaani wakulima, wanawake wa vijijini na vijana wasio na kazi, wengi wao wasingeziona kamwe. Ndipo Mlama akarudi kuangalia kitu alichokijua tangu utotoni.

Shule isiyo na ubao

Kwa Wakaguru, kama kwa makabila mengine mengi, msichana anapofikia umri wa kuwa mwanamwali hafundishwi kwa kuandikiwa ubaoni. Anafundishwa kwa nyimbo, kwa ngoma, kwa vitendo vya kuigiza na kwa mafumbo ambayo maana yake inafunguliwa polepole. Mwaka 1981 Mlama alichapisha makala kuhusu digubi, ngoma ya Wakaguru inayohusishwa na sherehe za wasichana wanaotoka unyagoni. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, aliomaliza mwaka 1983, ulihusu jambo hilo hilo: sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha kufundishia.

Tulitulie hapa kidogo, kwa sababu ndipo ulipo mzizi wa kazi yake yote. Mlama alikuwa anasema kwamba babu na bibi zetu walikuwa na shule, na shule hiyo ilikuwa na walimu, mitaala na mitihani. Ilitumia mwili, sauti na macho ya watu waliokaa kuzunguka. Katika ngoma ya namna hiyo mtazamaji haendi kukaa tu. Anaitikia, anapiga makofi, anaingia katikati, na anamsahihisha anayekosea. Wote wamo ndani ya somo.

Wamisionari na watawala wa kikoloni waliziona ngoma nyingi kama ushenzi na wakapiga vita baadhi yake. Baada ya uhuru ngoma ziliheshimiwa, lakini heshima yenyewe ikawa na kasoro. Vikundi vikawa vinaitwa kumpokea kiongozi uwanjani, kuimba sifa, kisha kupewa soda na kurudi nyumbani. Mlama na wenzake katika chuo kikuu waliikosoa hali hiyo. Waliona kwamba chombo kilichokuwa kikimsaidia mwanakijiji kufikiri na kujikosoa kimegeuzwa kuwa cha kupokea ujumbe kutoka juu na kuurudia kwa mdundo.

Kwa hiyo swali likawa hili: je, inawezekana kukirudisha chombo hicho mikononi mwa wanakijiji, wakitumie kujadili matatizo yao ya leo?

Kilichofanyika Malya

Ukipanda treni kutoka Tabora kwenda Mwanza unapita Malya, wilayani Kwimba. Wengi siku hizi wanaijua kwa chuo cha michezo. Kati ya mwaka 1982 na 1983, Mlama na wenzake wa chuo kikuu, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda pale kujaribu kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo.

Hawakwenda na igizo lililoandikwa tayari. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulishika. Walikwenda na maswali. Walizungumza na vijana, wazee, akina mama na viongozi. Waliuliza ni mambo gani yanawasumbua. Kati ya mambo yaliyojitokeza yalikuwamo vijana kukosa shughuli ya kufanya na wasichana kupata mimba wakiwa bado shuleni. Ndiyo, ni tatizo lile lile alilotuandikia yule baba, zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Baada ya kulitaja tatizo, vijana wa kijiji wenyewe wakalitengenezea maonyesho, kwa ngoma, nyimbo na maigizo ya namna wanayoijua. Usukumani hakuna uhaba wa sanaa hizo. Mtu anayetoka huku anajua jinsi kundi la wigashe linavyoweza kukaa chini na kuimba jambo zito mpaka kila mtu akaguswa. Maonyesho yakachezwa mbele ya kijiji, na mwisho wake haukuwa makofi. Ulikuwa mjadala. Watu waliokuwa wametazama wakaulizwa: hiki mlichokiona ni kweli? Kinasababishwa na nini? Tufanye nini?

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Tatizo la mimba za wanafunzi ukilieleza kwa ujumla, kila mtu anakubali kwamba ni baya. Lakini likichezwa na vijana wa pale pale, kwa lafudhi ya pale pale, watu wanaanza kujitambua. Wanaulizana ni akina nani hasa wanaowapa wasichana mimba. Wanauliza wazazi walikuwa wapi, na kwa nini kesi zinamalizwa kimyakimya nyuma ya nyumba kwa kulipana ng'ombe. Kicheko kinapungua. Wapo watakaokunja uso. Kwa Mlama, hiyo ilikuwa dalili kwamba igizo limeanza kufanya kazi.

Mwaka 1991 alikusanya mafunzo ya Malya na ya kazi nyingine za namna hiyo katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kuhusu utamaduni na maendeleo na nafasi ya sanaa za wananchi barani Afrika. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo katika vyuo vingi vinavyofundisha sanaa za namna hii.

Kazi hii inafanywaje? Hatua kwa hatua

Wasikilizaji wengi wanatuuliza mambo kwa vitendo, kwa hiyo tunazieleza hatua kwa lugha nyepesi. Wataalamu wanatofautiana katika majina, lakini mpangilio ni kama ufuatao.

Kwanza, kuchunguza. Kikundi kinakaa na watu wa rika na hali mbalimbali na kuwasikiliza. Hakiwaulizi viongozi peke yao. Msichana hatasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji kile atakachowaambia wenzake kisimani.

Pili, kuchambua. Matatizo yaliyotajwa yanawekwa mezani na kuulizwa: lipi linazaa jingine? Mimba inaweza kuwa tawi tu. Mzizi ukawa ni shule iliyo mbali, au msichana anayepanga chumba peke yake karibu na shule bila chakula cha kutosha, au mtu mwenye fedha ambaye hakuna anayethubutu kumgusa.

Tatu, kutengeneza igizo. Hapa hakuna haja ya mwandishi kutoka mjini. Watu wanaanza kwa kuonyesha tukio, wenzao wanasema "hapana, kwetu haiwi hivyo," wanarekebisha, na kidogo kidogo igizo linapata umbo. Ngoma na nyimbo za eneo hilo zinaingia humo humo.

Nne, kuonyesha. Mahali ni pale watu wanapokutana kwa kawaida, kama vile uwanja wa shule, chini ya mti au sokoni siku ya gulio.

Tano, kujadili. Igizo bora la aina hii mara nyingi haliishii kwenye suluhisho. Linasimama pale penye njia panda na kuwaachia watazamaji. Anayeongoza mjadala anahakikisha wanawake na vijana wanasema, si wale wenye mazoea ya kushika kipaza sauti tu.

Sita, kufuatilia. Yale yaliyokubaliwa yanaandikwa: nani atafanya nini, lini. Baada ya muda watu wanakutana tena kuulizana. Bila hatua hii, tano zilizotangulia zinapeperuka kama vumbi la lile gari lenye spika.

Ukizitazama hatua hizi utaona kwamba onyesho lenyewe ni moja kati ya sita. Lile gari lililokwenda kwa msikilizaji wetu lilileta hatua moja tu, tena ikiwa imepikwa mahali pengine.

Haikuwa Tanzania peke yake

Katika miaka ile mawazo ya namna hii yalikuwa yakitembea Afrika. Botswana ilianza kutumia maigizo ya vijijini katika miaka ya 1970. Nchini Kenya, katika kijiji cha Kamiriithu kule Limuru, wakulima na wafanyakazi walishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kutengeneza tamthilia kwa Kikikuyu mwaka 1977. Watu walijaa kuitazama. Serikali ikaizuia, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Tunalitaja hili ili ueleweke uzito wa jambo lenyewe. Watu wanaposema maigizo ni mchezo tu, wakumbuke kwamba wapo waliowekwa ndani kwa ajili yake. Kijiji kinachozoea kusimama na kuuliza "kwa nini" kuhusu mimba, kesho kitauliza kuhusu mapato ya mnada, na keshokutwa kuhusu shamba la kijiji lililouzwa. Si kila kiongozi anapenda maswali hayo. Anayekianzisha kikundi cha namna hii anapaswa kulijua hilo mapema, na kuwashirikisha viongozi tangu mwanzo bila kuwaachia waandike igizo.

Tuseme: wasichana wanachukua jukwaa

Mwaka 1996 kazi hii ilipata sura nyingine. Idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzisha mradi kwa ajili ya wasichana wa sekondari, na Mlama alikuwa mmoja wa walioubuni na kuuongoza. Uliitwa Tuseme. Jina linajieleza lenyewe.

Wazo lilikuwa kwamba msichana anayeshindwa shule mara nyingi anajua sababu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua mwalimu gani anamsumbua. Anajua kwamba akiwa katika siku zake anakaa nyumbani kwa sababu hana cha kujisitiri. Anajua kwamba kaka yake anafika nyumbani na kufungua daftari wakati yeye anafika na kushika mtungi. Lakini amefundishwa kwamba binti mwema ni yule anayenyamaza.

Katika Tuseme, wasichana walikaa pamoja, wakayataja matatizo yao, wakayachambua, wakayatengenezea maigizo, nyimbo na mashairi, kisha wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Hatua ni zile zile za kijijini, zimehamishiwa shuleni. Igizo lilikuwa na faida moja kubwa: msichana aliweza kusema lililo moyoni huku akiwa ndani ya mhusika. Mwalimu mkuu anayetazama hawezi kumwadhibu mhusika wa igizo. Lakini ujumbe ameusikia, na wote waliokaa pale wameusikia pia. Baada ya maonyesho, klabu za Tuseme zilibaki shuleni ili mazungumzo yaendelee.

Jambo hili likavuka mipaka. Mlama alikwenda kuongoza shirika la FAWE, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1992 na wanawake waliokuwa wakisimamia elimu katika nchi za Afrika, kwa lengo la kumwinua mtoto wa kike shuleni. Kupitia FAWE, Tuseme ilipelekwa katika shule za nchi mbalimbali za Afrika. Neno la Kiswahili, lililozaliwa Dar es Salaam, likawa linatamkwa na wasichana wasiojua Kiswahili kabisa.

Ndani ya chuo kikuu pia Mlama alipanda hadi nafasi za juu za uongozi wa taaluma. Amewahi kuongoza bodi ya Baraza la Sanaa la Taifa, na miaka ya karibuni aliongoza kamati ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Lakini kwa sisi tunaofanya kazi ya kuzungumza na watu vijijini, urithi wake mkubwa uko katika zile hatua sita na katika lile neno moja.

Yale ambayo igizo haliwezi

Tusimdanganye msikilizaji. Igizo halijengi bweni. Halimlipii mtu nauli ya kwenda kutoa ushahidi mahakamani. Miradi mingi ya namna hii ilitegemea fedha za wafadhili, na fedha zilipokwisha vikundi vingine vilisambaratika. Kuna mahali ambapo watu walijadili vizuri, wakakubaliana vizuri, halafu hakuna aliyefuatilia.

Vilevile, sheria ina nafasi yake. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi wa elimu baada ya kujifungua. Mambo haya mawili ni makubwa. Lakini tunapotembelea vijiji tunakuta wazazi wengi hawajui la pili, na wanaolijua la kwanza ndio hao hao wanaomaliza kesi nyumbani. Sheria inahitaji watu wa kuizungumza mpaka iingie kwenye mazoea. Hapo ndipo sanaa ya aina ya Malya inapokuwa na kazi ya kufanya.

Nasi redioni tumejikuta tunajiuliza. Mara ngapi tumecheza igizo la dakika kumi hewani, tukafunga na ujumbe wa mdhamini, tukaenda nyumbani tukiamini tumeelimisha jamii? Tumekuwa na gari letu lenye spika, ila letu linapita hewani. Kazi ya Profesa Mlama inatukumbusha kwamba anayezungumza peke yake hajaelimisha bado.

Mkitaka kuanza kijijini kwenu

Hamhitaji fedha nyingi. Mnahitaji watu kati ya wanane na kumi na tano, wanawake na wanaume, na mahali pa kukutana mara moja kwa wiki. Anzeni kwa kusikiliza, msianze kwa kuigiza. Chagueni tatizo moja ambalo kijiji chenyewe kimelitaja. Msitumie jina la mtu halisi wala tukio linalomtambulisha msichana fulani, maana lengo si kumwaibisha aliyeumia. Mwambieni mwenyekiti na mwalimu mkuu mnachofanya. Tumieni ngoma mnayoijua. Igizo lisizidi nusu saa, ili mjadala upate saa nzima. Wekeni mtu wa kuandika yaliyokubaliwa, na tangazeni siku ya kukutana tena kabla watu hawajatawanyika.

Na kama kuna jambo la jinai, kama vile mtoto aliyebakwa au kupewa mimba, hilo halisubiri igizo. Linapelekwa kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa ofisa ustawi wa jamii.

Sasa tumjibu baba yetu mkulima wa pamba. Umeuliza maigizo yanawasaidia nini. Lile mliloletewa liliwachekesha, na kucheka si dhambi. Lakini jiulize, baada ya gari kuondoka, kuna mtu yeyote aliyesimama akauliza swali? Wale majirani zako wawili, wasichana wao waliulizwa na nani ni nini kingewabakiza shuleni? Wapo hai, wapo nyumbani, na mlango wa shule kwa sasa uko wazi kwao. Kikundi chenu cha kwanza kinaweza kuanzia kwa kwenda kuwasikiliza wazazi wao.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutalirudia jambo hili hewani. Yule mama aliyesema kwao igizo lilisaidia amekubali kuja studio kutueleza walivyofanya. Kama kijijini kwenu kuna kikundi, tutumieni ujumbe wa sauti mtuambie mnashughulikia jambo gani. Na kama hakipo, tuambieni pia kwa nini. Hapo ndipo mazungumzo yataanzia.